Bia ya moshi ya Bamberg: nilichoonja, na walionionjesha

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina chupa moja tu, na naomba muiangalie vizuri kabla sijaifungua. Nusu lita, kioo cha kahawia, lebo ina maandishi ya Kijerumani cha kale. Aecht Schlenkerla Rauchbier. Hilo neno Rauch maana yake moshi. Ni bia ya moshi, ndugu zangu, na nimeitoa Bamberg, mji mdogo wa Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, Ujerumani. Nimeisafirisha ndani ya begi, nimeiviringishia sweta mbili, na imefika nzima.

Video hii ni ya watu wazima, miaka 18 kwenda juu. Na wewe usiyetumia kileo kabisa, usiondoke. Nusu ya habari ya leo ni ya watu, na watu wale wangekupokea hata ukiagiza juisi ya tufaha.

Haya, namimina. Pole pole, glasi nimeilaza kidogo. Mnaona rangi hiyo? Ukiiangalia mezani utasema nyeusi, lakini nikiinyanyua kwenye taa, hivi, inatoka wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Povu lake zito, linakaa. Sasa harufu. Mtu wa kanda ya ziwa sihitaji kumweleza. Hii ni harufu ya chanja. Bibi yangu alikuwa anabanika samaki Musoma, na kanga zake zote, hata zile za kwenda nazo harusini, zilikuwa na harufu hii hapa. Glasi naiacha itulie, nitairudia.

Nilikuwa Nürnberg, mji mkubwa wa jirani, kikazi, nikabakiwa na siku mbili mkononi. Bamberg ni safari ya treni isiyofika hata saa moja. Mji una watu wasiofika 80,000, na mji wake mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993. Ndani ya mji huo mdogo kuna viwanda vya bia kama kumi hivi, vingi vikiwa na baa yake palepale: wanapika nyuma, wanauza mbele. Karibu na stesheni kuna jengo la matofali mekundu la Weyermann, watengenezaji wa kimea tangu 1879, wanaopeleka kimea kwa wapika bia wa nchi nyingi duniani. Yaani kabla hujafika katikati ya mji umeshapokelewa na kimea.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwa maarufu kuliko wote, Schlenkerla, mtaa wa Dominikanerstrasse. Nyumba imetajwa kwenye maandishi tangu 1405. Dari la chini, maboriti meusi, bia inatoka kwenye pipa la mbao lililowekwa juu, inashuka kwa uzito wake yenyewe. Nikachukua glasi yangu, nikasimama kwenye kona na simu mkononi, nikapiga funda la kwanza, nikaandika kwenye kumbukumbu zangu: tatu kwa kumi. Neno kwa neno niliandika, "nyama choma ndani ya glasi, sijui inatafuta nini humu." Huo ndio ungekuwa uchambuzi wangu. Ningeurusha jioni ile ile, na ningewapotosha.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye meza ndefu na wenzake watatu. Aliniona nimesimama, akasogea kwenye benchi, akapiga pale palipobaki wazi kwa kiganja, mara mbili. Hakusema neno. Unajua ile ishara, "njoo ukae"? Haina lugha.

Nikakaa. Na hapo nikaona kitu ambacho nimekipenda kuliko bia zote za safari hii. Kila anayekuja kwenye meza ile hawapi watu mikono mmoja mmoja. Anakunja ngumi, anagonga mbao, ko ko, wote mmesalimiwa. Akiondoka, vivyo hivyo. Nilimwangalia wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikajisemea, hawa wanabisha hodi mezani! Nikawaambia kwetu tunabisha mlangoni na tunasema kabisa "hodi", na wa ndani anaitika "karibu". Mama mmoja mwalimu mstaafu, mwenye miwani ya kamba, akataka nilirudie neno. Basi meza nzima usiku ule, mtu akigonga, wao wanaitika "karibu". Wanatamka "garibu", maana Kifranken, lahaja ya huko, kinalainisha herufi, k inasikika g, t inasikika d. Kijerumani changu ni cha kozi za jioni, nusu ya maneno yao yalinipita, lakini walikuwa wanarudia taratibu bila kuchoka. Nilipomwambia yule mwalimu kwamba neno letu "shule" tulilitoa kwenye lugha yake, alinyamaza kidogo, kisha akawatafsiria wengine kwa furaha kubwa sana. Kafundisha maisha yake yote, na hakuwa anajua neno lake limefika kwetu.

Sasa rudini kwenye bia, maana hapa ndipo nilipofundishwa. Yule mzee aliniuliza nimeipa alama ngapi. Nikamwonyesha simu. Hakukasirika. Alisema bia hii haihukumiwi kwa glasi ya kwanza. Ya kwanza ulimi unashtuka. Ya pili unazoea. Ya tatu moshi unakaa pembeni, ndipo unaonja bia yenyewe. Nilidhani ni maneno ya baa. Lakini ni kweli, na sababu yake inaeleweka: pua ikikaa na harufu moja muda mrefu inaacha kuipigia kelele. Ukiishi jirani na jiko la mkaa baada ya wiki huulizi tena. Moshi ukishatulia, chini yake kuna utamu wa kimea kama ukoko wa mkate, na uchungu mkavu wa hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, unaofunga mwisho. Funda la kwanza halikunionyesha chochote kati ya hivyo.

Na moshi unatoka wapi? Hawamwagii moshi kwenye bia, msidanganywe. Unatoka kwenye kimea. Shayiri inalowekwa, inaota, kisha lazima ikaushwe ili isiendelee kuota. Wao wanaikausha juu ya moto wa kuni za Buche, mti wa misitu ya Ulaya ambao Waingereza wanauita beech, na moshi unapita katikati ya punje. Mwalimu akaniuliza, kwenu je? Nikawaeleza mbege ya Wachaga, ndizi mbivu zinazochemshwa muda mrefu, na kimea cha ulezi. Mnakikaushaje? Nikasema juani. Wakatazamana. Juani! Kwa jua letu anika mkekani, inatosha. Kwa baridi yao bila moto kimea kinaoza. Kwa hiyo zamani bia yenye moshi haikuwa maajabu Ulaya, ilikuwa ndiyo hali ya kawaida. Baadaye yakaja majiko ya hewa ya moto, moshi ukatengwa na nafaka, na karibu kila mtu akaachana nao. Bamberg nyumba mbili, Schlenkerla na Spezial, hazikuacha, na hadi leo zinatengeneza kimea chake zenyewe.

Kabla sijaondoka mwalimu akageuza kile kigae cha karatasi cha kuwekea glasi, akanichorea ramani. Ninacho, hiki hapa. Sogeza kamera. Upande huu mnaona vijistari vya penseli, ndiyo hesabu ya bia nilizokunywa, mhudumu anakuchorea kimoja kimoja na mwisho unalipia vistari. Upande wa pili ndio mwandiko wake: mishale, na majina. Wa kwanza kabisa kaandika Spezial, akapigia mstari. Akaniambia kosa langu lilikuwa kuanzia mwisho.

Kesho yake nikafuata ramani. Spezial iko Obere Königstrasse, tangu 1536, na ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, iko Fässla ya 1649. Bia ya Spezial rangi yake ni ya asali ya nyuki wakubwa, na moshi wake unanong'ona. Kama hujawahi kunywa bia ya moshi, anzia hapa, usibishane na mimi. Naipa nane na nusu. Nilikula palepale mchana, watu wananyanyua magazeti yao kunipisha nikae.

Fässla nilisimama. Kuna ukumbi wa kupitia pale mlangoni, dirisha dogo unachukulia glasi, na wenyeji wanakunywa wima dakika kumi kisha wanaendelea na safari zao, fundi na mfuko wa vifaa, mama na kikapu cha soko. Bia yao nzuri, safi, sina la ziada.

Halafu kitongoji cha Wunderburg, na hapa nakaa kidogo. Kuna Mahrs, na kuna Keesmann, zinaangaliana. Kwa Mahrs mwalimu alikuwa ameniandikia herufi moja tu kwenye ramani: U. Nilidhani ni kituo cha treni. Kumbe ndiyo jina la kuagizia. Unaingia, unasema "a U", basi. Ni kifupi cha neno refu linalomaanisha pipa halikuzibwa wakati bia inaiva, kwa hiyo gesi nyingi imetoka yenyewe. Bia inashuka laini, haichomi koo, haikujazi tumbo hewa. Ina unga unga wa kimea na uchungu wa kistaarabu. Niliposema "a U" vijana wawili wa meza ya jirani waligeuka, wakauliza nani kanifundisha. Nikawaonyesha karatasi. Mmoja wao akaangalia mwandiko akasema huyu alinifundisha darasa la tatu! Sijui kama ni kweli au alikuwa anachangamsha baraza, ila walinihamishia mezani kwao, na glasi iliyofuata sikuruhusiwa kulipa. Naipa U tisa. Ndiyo bia ningekunywa kila wiki kama ningekuwa naishi pale.

Keesmann wana pilsna, Herren Pils, kavu, nyepesi. Saba. Lakini tahadhari: niliinywa baada ya kupita Spezial, na moshi ulikuwa bado mdomoni. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya bia ya moshi, lazima niiseme. Inashika ulimi na kufunika chochote kinachofuata. Panga safari yako, laini kwanza, moshi mzito mwisho.

Yapo mengine ya kuwatahadharisha. Kwenye baa hizi ukiona meza ina kibao cha Stammtisch, hiyo ni ya wazoefu, wana siku yao na viti vyao. Usikae mpaka uitwe. Meza nyingine uliza tu kama pana nafasi, watasogea. Beba fedha taslimu, mimi glasi ya nusu lita nililipa chini ya yuro 5. Chakula, wale kitunguu chao kikubwa kilichojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi wa bia ya moshi ni kitamu sana, ila nyama hiyo ni kitimoto, kama huli uliza kabla. Na hesabu zenu ziwe sawa: Schlenkerla ina kileo asilimia 5.1, glasi tatu ni lita moja na nusu. Mji unatembelewa kwa miguu. Gari liacheni.

Jioni ya pili ramani ilinipandisha mlimani, Spezial-Keller. Keller kwa kawaida ni chumba cha chini ya ardhi, lakini Bamberg watu wanakwenda "juu ya Keller". Zamani walichimba mapango kwenye mwamba ili bia ikae baridi, juu yake wakapanda miti ya kivuli, na watu wakaona kwa nini tuteremke wakati bia inaweza kupanda. Meza za mbao chini ya majani, kanisa kuu lenye minara minne mbele yako, watoto wanakimbizana kwenye kokoto. Mwalimu alikuwa pale na mumewe. Niligonga meza. Wakaitika "garibu".

Sasa hukumu ya chupa hii. Pipani kule niliipa Schlenkerla tisa, hiyo tatu nimeifuta. Humu chupani... subiri nionje. Mmh. Moshi upo wote. Gesi ni kali zaidi kuliko ya pipa, inaukurupusha moshi unakuja mbele, na ule ukoko wa mkate umejificha kidogo. Imeshapoa mno pia, kosa langu la friji. Iacheni nje ya friji dakika kumi na tano. Nane. Ukiipata dukani popote ulipo, chukua, na usiifungue peke yako.

Fundi wangu wa kamera hajawahi kuionja, na huku nyuma ananitolea macho tangu nianze. Kaka, iache kamera kwenye miguu yake, njoo mbele ya taa. Vuta hicho kiti. Shika. Basi, mmeuona uso wake. Anasema samaki. Sawa, endelea, hiyo ni ya kwanza.