Star Analyser 100: kioo cha kusoma nyota, vile kinafanya kazi hapa Lubumbashi

Bandugu, wengi mnaniuliza kama hii Star Analyser 100, kioo chenye kinapasua mwanga wa nyota kuwa rangi zake, inastahili feza yake. Mi nasema ndio, nunueni, lakini kama mko na teleskope yenye kamera ao hata kamera ya kawaida yenye lensi ya kutoka, na kama mnapenda kazi ya kupanga nyota kwa aina. Mwenye anatafuta picha ya nebula yenye rangi ya kuweka ku status, hii haitamufaa, aweke feza yake kwa kitu ingine.

Yenyewe ni kioo cha duara ndani ya pete ya chuma, kipimo cha inchi 1.25 kama filtre zote za teleskope, na ndani kimechorwa mistari 100 kwa kila milimita moja, macho haiwezi kuiona. Unakizungusha mbele ya kamera kinashika, basi. Mwanga wa nyota ukipita pale, nyota inabaki kidoto vile iko, na pembeni yake unaona utepe wa rangi umelala, bluu upande wa karibu na nyekundu mbali. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna kitu ya kuharibika. Kinatengenezwa Uingereza, bei inapita dola mia moja mbele hata ya usafiri, na usafiri ndio uliniumiza: ajanse moja ya hapa ilinitajia bei, halafu koli ilipofika wakaongeza ingine bila karatasi yoyote ya kueleza ni ya nini. Ombeni bei yote kwa maandishi kwanza, ndio mulipe.

Sasa matumizi. Anza na Sirius, nyota yenye kung'aa kupita zote za usiku, usihangaike na ingine. Utepe utatoka mwembamba kama uzi na utafikiri hauna kitu ndani, juu mistari nyeusi yenye tunatafuta haionekani kwa uzi. Zima motere ya teleskope, acha nyota itembee polepole wakati kamera iko wazi, ule uzi unapanuka unakuwa ukanda, na hapo mapengo meusi yanatokea yenyewe: moja ku bluu-kijani, nanometa 486 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ingine 434, ingine 410 pale rangi inakuwa zambarau, kila moja inakaribia mwenzake zaidi. Hiyo ni hidrojeni. Fokasi weka ku ukanda, hapana ku nyota, hata kama nyota itavimba kidogo usijali.

Kisha geuza kwa Antares, nyota nyekundu. Bluu karibu yote imekwisha, na upande wa nyekundu umekatwa-katwa kama ngazi, sababu uso wake ni baridi, karibu digri 3,500 za Kelvin, basi molekuli za oksidi ya titani zinaweza kukaa mule bila kuvunjika na zinameza mwanga kwa vipande vikubwa. Sirius iko karibu digri 10,000, mule molekuli haiponi. Weka picha mbili moja juu ya ingine, mtoto wa sekondere atakuambia hizi si aina moja, bila wewe kumufundisha kitu. Na si kwamba moja imetengenezwa na vitu vingine kabisa, tofauti kubwa ni ya joto, mwanaastronomia Cecilia Payne ndiye alionyesha hivyo mu kazi yake ya doktora ya 1925.

Kitu chenye kilinifurahisha kupita vyote ni mwezi wa 5, wakati mvua imeisha. Saa mbili ya usiku, toka mu lupango, herufi zote saba za aina za nyota, toka O yenye joto zaidi mpaka M yenye baridi, ziko juu yako: Naos ni O, Spica ni B, Sirius A, Procyon F, Alpha Centauri G sawa na jua letu, Arcturus K, na Antares inapanda upande wa mashariki, hiyo M. Zote zinaonekana kwa macho! Kuran ikikatika mu kartie ndio inakuwa vizuri zaidi. Batu wa Ulaya ya kaskazini hawaoni Naos kabisa, haipandi hata kidogo kwao, sisi iko juu.

Na mjue kama huo mpango wa O, B, A, F, G, K, M ulitoka mu anga yetu hii ya kusini. Kule Harvard, chuo kikuu cha Amerika, Williamina Fleming alikuwa amekwisha kupanga nyota zaidi ya 10,000 kwa herufi za alfabeti, katalogi ilitoka 1890, halafu Annie Jump Cannon akapewa picha za nyota kali za kusini zenye zilipigwa Arequipa, Peru, digri 16 kusini ya ikweta, sisi tuko kama digri 12. Katalogi yake ya 1901 ndiyo ilifuta herufi nyingi na kupanga zilizobaki upya. Baadaye akafanya Henry Draper Catalogue, nyota 225,300, ilichapishwa kuanzia 1918 mpaka 1924, yote kwa jicho na lupe juu ya sahani za kioo. Ukikaa na ukanda wako mmoja wenye ukungu dakika kumi unatafuta kama ni F ao G, heshima kwa ule mama inapanda sana.

Usikose Gamma Velorum, jirani ya Naos. Hii ni Wolf-Rayet, aina ya nyota yenye joto kali sana, na yenyewe ndiyo yenye kung'aa kupita zote za aina yake, na mistari yake inageuka: pahali pa kuwa meusi inawaka, uvimbe wa mwanga ku bluu na mwingine ku manjano, ni kaboni mu upepo wa gesi yenye nyota inatupa inje. Hata mbele ya kutumia kompyuta utaiona palepale ku skrini ya kamera.

Mapungufu yako. Ukali wake ni mdogo, utajua herufi na mara nyingi, kwa kukadiria, ile namba yenye inafuata herufi (0 mpaka 9), lakini nyota jitu ao nyota ya kawaida ni vigumu kutenganisha, zile namba za Kirumi zenye zinaonyesha hiyo, za Morgan, Keenan na Kellman za 1943 zinaomba kifaa kikubwa zaidi. Mwezi wa 8 na wa 9 moshi wa pori na vumbi nyekundu vinakula bluu ya nyota za chini, kwa hiyo piga zile za juu tu. Vumbi ku kioo lipulize, usisugue na kitambaa.

Programu ya kusoma ukanda, chukueni Visual Spec, ni ya bure na aliyeitengeneza ni Mufaransa, Valérie Desnoux. Kisha hakikisha aina ya nyota ku SIMBAD, orodha ya nyota ya Strasbourg ku internet, ni bure pia na haikule mega nyingi, lakini andika jibu lako kwanza mu kaye, ndio ufungue.

Kama hauna teleskope, ulizia pete ya kukifunga mbele ya lensi ya milimita 50 ao zaidi, uiagize pamoja na kioo mu koli moja, juu hapa mjini sijaona duka yenye iko nayo.