Pakiti ya kufungia nzi bandia: chukua vifaa, ndoana weka kando

Pakiti hizi za kufungia nzi bandia, yaani chambo cha mfano wa mdudu kinachofungwa kwenye ndoana kwa uzi, waya na manyoya, hazina jina la kiwanda. Zile ambazo watu wa Unguja na Pemba wanaziagiza mtandaoni, zinafanana karibu zote: jiliwa dogo la kubana ukingoni mwa meza, kishika uzi, mkasi, kibanio cha unyoya, ndoana namba 12 na 14, vikoili vya waya wa rangi na vifuko vya manyoya. Karatasi ya maelekezo inafundisha nzi mmoja tu, mwenye mwili wa waya na kola ya unyoya laini inayozunguka nyuma ya kichwa, wa kuvulia samaki aina ya trauti kwenye mito ya baridi. Trauti sisi hatuna. Wako kwenye mito ya milimani Kenya, walikopelekwa kutoka Uskochi mwaka 1905. Ila vibua na kolekole wadogo nao humrukia nzi huyo, mradi afungwe kwa maji ya chumvi. Na hapo ndipo pakiti inapopwaya.

Jiliwa ni zuri kwa bei yake. Taya zinashika ndoana namba 8 hadi 14 (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo) bila kuteleza, na zaidi ya hapo hatuhitaji. Kishika uzi kina kasoro: ukingo wa mrija wake ni mkali na unakata uzi kila ukikaza. Zungushia msasa laini mdomoni mpaka uzi upite bila kukwaruzwa. Mkasi ni wa uzi na manyoya tu, usiutie kwenye waya.

Ndoana ndizo tatizo. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na maelekezo yanataka uzisokotee waya wa shaba. Kwenye maji ya mto haina neno. Baharini, shaba na chuma vikigusana ndani ya chumvi, chuma ndicho kinacholika, tena upesi kuliko ndoana iliyo tupu. Kutu inaanzia chini ya waya, pasipoonekana, na ndoana inakatika shinani samaki akiwa tayari ameshika. Nunua ndoana za stenlesi namba 8 au 10, pake shina rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke kabisa ndipo uanze kufunga. Ukirudi, zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Waya wa pakiti nao mwembamba mno, na rangi yake inabanduka. Bora wa mafundi wanaosuka mota: geji 33, yaani robo milimita hivi, bado una vanishi yake. Vipande vinavyobaki kwa fundi vinatosha. Sentimita 15 zinafunga nzi mmoja wa namba 10 na nafasi ya kushika inabaki.

Ufungaji wenyewe hauna ugumu. Anzia uzi nyuma ya tundu la ndoana, ukiacha nafasi ya upana wa tundu mara mbili. Wanaoanza huisahau, kisha kichwa kinaziba tundu na mshipi haupiti. Laza waya juu ya shina lote mpaka usawa wa ncha ya ndoana, uufunike kwa uzi ukirudi mbele. Ukiufunga kwa nyuma tu, mwili unatoka na nundu. Sokota waya mizunguko ikigusana, 20 na ushei, ukiwa umeukaza muda wote. Ukifika mbele funga kwa uzi mara tano, kisha uzungushe waya huku na huku mpaka ukatike wenyewe. Ukikata kwa koleo kinabaki kisiki chenye makali, na hicho ndicho kinachokata uzi siku ya pili.

Kwenye kola, pakiti imekosea tena: imetia manyoya ya shingo ya jogoo, ambayo ni magumu na yanasimama kama brashi. Nzi huyu anafanya kazi kwa sababu nyuzi za unyoya hulala ukivuta na kufunguka ukilegeza. Tafuta unyoya mdogo wa kanga wa shamba, wenye madoa, nyuzi zake zikifika kwenye kipinda cha ndoana. Ondoa manyoya ya pamba ya chini, funga kwa ncha, zungusha mara moja na nusu. Mara mbili ndiyo mwisho. Watu huona kola imekuwa nyembamba wakaongeza, na nzi akageuka ufagio. Malizia kichwa kwa vifundo vinne na tone la rangi ya kucha, lisiguse unyoya.

Fimbo maalumu si lazima. Funga watatu kwenye nailoni ya milimita 0.30, kila mmoja kwa tawi la sentimita 10, chubwi chini, ushushe gatini maji yanapojaa. Vuta kidogo kidogo, legeza, vuta tena. Usiku vibua hukusanyika penye taa.

Mwili wa waya haulindi mshipi. Mzia akipita atakata nailoni juu ya ndoana, uwe umefunga shaba au hukufunga, kwa hiyo pakiti inayodai "inazuia meno" inadanganya.

Muuzaji akikubali kukupa vifaa bila ndoana na waya, kwa bei pungufu, chukua. Akikataa, jiliwa na kishika uzi vya kununuliwa kimoja kimoja ni nafuu zaidi.