Banda la Kirumba ambalo mechi ya tenisi haikatishwi

Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na tangu mwaka 2022 amekuwa akifuatilia tenisi kwa moyo ambao mimi, mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, sikuuelewa mpaka nilipolazimika kukaa naye usiku kumsindikiza. Banda la kutazamia mechi ninaloliandikia tathmini hii liko Kirumba, Mwanza, kwenye njia ya kuteremkia ziwani ukitokea upande wa uwanja wa CCM. Halina kibao, lakini ukiuliza kwa mzee anayeonyesha tenisi utaelekezwa na mtu yeyote. Tumekuwa wateja wake tangu Juni 2025, na nimeona nieleze kwa kirefu kile tulichokikuta, kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa namna hii hapa Mwanza hana pengine pengi pa kumpeleka.

Shida ya mpenzi wa tenisi katika mji wa mpira wa miguu ni saa. Mpira una dakika 90, na biashara ya mabanda yetu imejengwa juu ya dakika hizo: watu wanalipa, wanaingia, mechi inaisha, wanatoka, kundi jingine linaingia kwa kiingilio kipya. Mechi ya tenisi inaisha pale mmoja anapomshinda mwenzake, hata kama ni usiku wa manane. Tarehe 8 Juni 2025, fainali ya mashindano ya Ufaransa kati ya Carlos Alcaraz na Jannik Sinner ilianza kwetu baada ya saa kumi jioni, ikaendelea kwa saa 5 na dakika 29, na hakuna fainali ya mashindano hayo iliyowahi kuwa ndefu kuliko hiyo. Siku hiyo tulikuwa kwenye banda jingine, ambalo sitalitaja. Saa nne usiku kulikuwa na fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya baina ya Ureno na Hispania, na wateja wake walikwisha kujaa mlangoni. Alcaraz, ambaye binti yangu anampenda kuliko mchezaji yeyote wa kiume, alikuwa ameponyoka pointi tatu za ubingwa katika seti ya nne, ambazo moja tu ingempa Sinner taji, na seti ya tano ilikuwa inafika ukingoni, pale kijana mwenye rimoti alipobadilisha chaneli ili watu wawasikilize wachambuzi wa soka. Binti yangu alisimama akaomba, kwa adabu kabisa, aachiwe dakika kumi. Hakuachiwa. Kwamba Alcaraz ameshinda tulikuja kusoma kwenye simu yangu tukiwa njiani kurudi nyumbani, naye aliitazama ile simu kama mtu aliyeletewa habari za harusi ambayo hakualikwa.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolisifu katika banda hili ni maneno yaliyoandikwa kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha ndani: mechi iliyoanza itamalizika. Ukumbi mkubwa wa mbele ni wa mpira, kama kwingine. Chumba cha ndani, kilichotengwa kwa mbao nyembamba, kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Mwenye banda alikisafisha, akaweka runinga ya pili na viti 20 vya plastiki, akakifanya cha tenisi peke yake. Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa mechi, iwe ya saa moja au ya saa tano, na wanafunzi hulipa nusu wakati wa likizo. Siku za shule hawaruhusiwi kuingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na mzee anasimamia sharti hilo bila kumwonea mtu haya. Nilimwona akimrudisha mtoto wa jirani yake mwenyewe.

Mechi za usiku zina utaratibu wa daftari. Anayetaka kutazama anaandika jina lake kabla ya saa kumi na mbili jioni. Yakifika majina matano, chumba kitafunguliwa saa yoyote ile na mlinzi atalipwa, yasipofika hakifunguliwi. Mwanzoni niliuona utaratibu huu kuwa mgumu. Sasa nauona kuwa wa haki, kwani unamwezesha mwenye banda kutimiza ahadi yake bila kula hasara, na mimi mzazi nafahamu mapema ni akina nani watakaokaa na mwanangu usiku huo.

Kando ya mlango kuna ubao wa ratiba. Simu nyingi huonyesha ratiba kwa saa za huko mashindano yalipo, na wateja walikuwa wakifika wakati mechi imekwisha. Mzee alipogundua kwamba binti yangu anazijua hesabu hizo kwa kichwa alimkabidhi chaki, na tangu hapo ubao ni wake. Wimbledon, uwanja mkuu huanza saa saba na nusu mchana kwa saa za London, na kwetu huwa ni saa tisa na nusu alasiri. Mechi za usiku za New York, zinazoanza saa moja jioni kwao, zinatuangukia saa nane usiku. Melbourne mwezi Januari iko mbele yetu kwa saa 8, kwa hiyo mechi zao za usiku sisi tunazitazama saa tano asubuhi jua likiwaka. Yote hayo huyaandika kwa mwandiko mzuri, na majina ya wachezaji wa Afrika huyapigia mstari.

Mapenzi yake yalianza na Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamke wa kwanza wa Afrika katika zama za tenisi ya kulipwa kufika fainali ya mchezaji mmoja mmoja katika mojawapo ya mashindano manne makubwa. Mwaka 2022 alifika fainali ya Wimbledon, akachukua seti ya kwanza, kisha Elena Rybakina akamshinda. Mwaka 2023 alirudi kwenye fainali hiyohiyo akashindwa na Markéta Vondroušová, akalia mbele ya umati, na mwanangu akalia naye sebuleni kwa jirani. Tarehe 30 Juni 2025 tulikuwa katika chumba hiki, London ikiwa kwenye joto kali, Jabeur akashindwa kuendelea katika raundi ya kwanza kabisa, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba anakaa kando ya mchezo kwa muda. Ninalolikumbuka katika siku hiyo ya Juni ni kwamba hakuna mtu aliyemcheka mtoto anayemlilia mchezaji asiyemjua. Mzee alipunguza sauti ya runinga, akaleta chai ya maziwa, akamwambia, “Pole mjukuu wangu, huyo amechoka, hajaisha.” Chai hiyo hakuidai.

Halafu ukaja usiku wa kuamkia Nane Nane. Victoria Mboko, binti wa miaka 18 wa Kanada ambaye wazazi wake wametoka Kongo, alikuwa ameingia mashindano ya Montreal kwa mwaliko maalumu, akiwa wa 85 kwa ubora duniani, baada ya kuuanza mwaka huo nje ya wachezaji 300 bora. Mwanangu alishamchagua kabla dunia haijamwona, kwa sababu umri wao umekaribiana na kwa sababu, kama asemavyo, ana jina la ziwa letu. Mboko aliwaondoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Rybakina, na katika nusu fainali aliokoa pointi ya kutolewa. Fainali dhidi ya Naomi Osaka iliangukia kwetu usiku wa manane. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na wavuvi wa dagaa hufuata giza, kwa hiyo ziwani hakukuwa na taa za mitumbwi wala mimi sikuwa na mzigo wa kupokea alfajiri. Tuliandikisha majina. Tulikuwa watu tisa, wanne wao wanawake.

Mboko alipoteza seti ya kwanza 2-6. Katika seti ya pili umeme ukakatika. Runinga iko kwenye betri, ikabaki inawaka, lakini kifaa cha intaneti hakikuwa kimeunganishwa na betri hiyo, tukabaki tunatazama picha iliyoganda ya Mboko akiwa ameinua raketi, mpaka jenereta lilipowashwa. Hilo ni kosa, nami nilimwambia mzee palepale. Safari iliyofuata nilikuta amelirekebisha. Picha iliporudi, yule binti alikuwa mtu mwingine. Alichukua seti ya pili 6-4 na ya tatu 6-1, akawa amewashinda katika mashindano yaleyale wanawake wanne waliowahi kutwaa mataji makubwa. Mwanangu alinikumbatia mpaka kitenge kikanidondoka. Tulipotoka ilikuwa imepita saa tisa, mbalamwezi imelala juu ya miamba, na mlinzi akatuamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” kama vile kumekucha. Alitusindikiza hadi barabara kubwa, kama anavyowasindikiza wanawake wote wanaotoka humo usiku. Huduma hiyo imo ndani ya shilingi 1,000.

Kuhusu chakula sina mengi. Chai ni nzuri, chapati ni za moto mpaka saa mbili usiku na baada ya hapo ni za baridi, na sato wa kukaanga huagizwa kwa mama wa jirani, ambaye hachelewi. Viti ni vigumu kwa mechi ya seti tano, njoo na mto wako. Paa ni bati tupu bila dari, na mchana wa jua kali chumba kinakuwa tanuri. Feni moja haitoshi, na kwa mechi za Januari, zinazotufikia asubuhi hadi mchana, ingefaa sana iongezwe ya pili. Choo ni kisafi lakini njia ya kukifikia haina taa, na hilo ndilo ninalomsisitizia mzee kila ninapokuja, kwa sababu mabinti wanapita hapo usiku.

Lawama yangu kubwa zaidi ni nyingine. Chumba hiki kinaonyesha mashindano makubwa tu. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa taji la Wimbledon la wasichana kwa wachezaji wawili wawili mwaka 2022 akiwa na mwenzake Mholanzi, na kisha medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra mwaka 2024, hucheza zaidi katika mashindano madogo ambayo picha zake hupatikana kwenye intaneti. Binti yangu huyafuata kwenye simu yangu, kioo kimepasuka, kifurushi kinakatika katikati ya seti, wakati runinga ya chumba imezimwa kwa sababu siku hiyo hakuna mchezaji maarufu. Nilimweleza mzee kwamba kijana wa nchi iliyo ng'ambo ya ziwa hilihili hastahili kukosa skrini Mwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kanuni ni ileile, nilete majina matano. Mpaka ninapoandika, ukurasa wa Okutoyi una majina matatu: la mwanangu, langu, na la mzee mwenyewe.