Mbegu ya kununua pale mvua inapokata mapema

Picha ya gunzi lililojaa punje kwenye pakiti isikuvute. Geuza pakiti, tafuta siku za kukomaa. Kisha hesabu siku ambazo mvua hunyesha shambani kwako katika mwaka mbaya, maana ule mwaka mzuri ndio unaotudanganya. Aina ya siku 140 inayosifiwa kwa mavuno itakuacha mikono mitupu mvua ikikata siku ya 80.

Kwangu mimi wa kwanza ni mtama wa muda mfupi. Ardhi ikikauka hukunja majani yake, na bua lake lina nta nyeupe kama vumbi, ukiipangusa inabaki kidoleni. Nta hiyo hupunguza maji yanayopotea. Mtama hudumaa ukingoja, mvua ikirudi unaendelea kukua. Mahindi hayana subira hiyo. Tatizo ni ndege. Kama kwelea ni wengi na huna watu wa kuamia shamba, chukua aina ya kahawia yenye ukakasi badala ya nyeupe. Ladha yake ni ya uchungu kidogo, lakini utavuna.

Uwele nauweka wa pili, ingawa kwenye kichanga chenye mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka ningeununua kabla ya mtama. Zipo aina za siku 70 hadi 90. Zenye masuke ya manyoya magumu huwasumbua ndege.

Kunde ni za tatu. Aina za haraka huwa tayari kwa siku 60 hadi 70, na majani yake ni mboga mapema zaidi. Kasoro iko ghalani: fukusi hutoboa punje kwa kasi ya kusikitisha, hivyo weka kando fedha za mifuko isiyopitisha hewa.

Mahindi yanayostahimili ukame ni ya nne, na neno "kustahimili" limewaumiza wengi. Hatari kubwa iko wakati wa kuchanua. Mmea ukiwa na kiu, mbelewele (ua dume la juu ya mmea) humwaga chavua huku ndevu bado hazijatoka, na gunzi hubaki na mapengo. Aina nzuri hupunguza siku kati ya chavua kumwagika na ndevu kutoka, lakini haiwezi kuishi bila maji. Mbegu chotara (za kuchanganya mistari ya wazazi tofauti) utanunua kila msimu. Zile za uchavushaji huria (zinazochavushana zenyewe shambani) unaweza kujiwekea kwa misimu kama mitatu.

Muhogo hauna pakiti: chukua vipando kwenye mashina yasiyo na batobato, ugonjwa unaotia majani madoa na kuyakunja.

Wiki mbili kabla ya kupanda, viringisha mbegu 100 katika kitambaa chenye unyevu na uzihesabu baada ya siku saba. Zikiota 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikipungua kidogo, ongeza mbegu kwa kila shimo. Zisipofika 70, rudi nazo kwa muuzaji pamoja na risiti na pakiti yenye namba ya mbegu.