Studio ya Pamoja ya Usanifu: Meza Pana, Foleni Ndefu

Kwa muhula mzima nimetumia studio ya pamoja ya usanifu katika chuo kimoja cha sanaa jijini Nairobi, na kilichonivutia zaidi ni sehemu ya uchapaji wa skrini, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa chenye vitundu kilichowambwa kwenye fremu, ambako kuna chumba cha giza cha kukaushia fremu zilizopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga, kazi ambayo nyumbani nilikuwa nikiifanyia bafuni, dirisha nikiwa nimeliziba kwa blanketi. Meza ni pana kiasi cha kutandaza karatasi ya A2, yenye milimita 420 kwa 594, bila kumsukuma jirani. Kompyuta zinatosha.

Printa ya rangi, hata hivyo, ni moja tu, na katika wiki ya kuwasilisha kazi foleni yake hufika mlangoni. Mara mbili nimelazimika kupeleka bango langu kwa wachapaji wa mtaa wa River Road, likachapwa na kukamilika kabla zamu yangu chuoni haijafika. Isitoshe, wapo wanaoacha wino ukauke kwenye skrini hadi ukaziba vitundu vya kitambaa, na mwenzao anayefuata hupoteza asubuhi nzima akisugua. Msimamizi, ambaye ni mpole kupita kiasi, angepaswa kuwatoza faini.