Lenzi ya mkono ya kuchunguzia wadudu wa miguu ya jani

Lenzi hii ya kukunja, inayokuza mara 10, imeniridhisha sana katika kuwachunguza wadudu wa familia ya Coreidae, ambao baadhi yao wana muundi wa mguu wa nyuma uliotanuka kama jani. Jani hilo huonekana hata kwa macho matupu; thamani ya lenzi hujitokeza katika vipande vinne vya kila kipapasio, mrija wa kufyonzea uliolazwa chini ya kichwa, na hasa mishipa mingi inayokwenda sambamba kwenye utando wa bawa la mbele, alama ninayoitegemea zaidi kwa sababu spishi nyingi za familia hii hazina jani lolote mguuni. Tundu la tezi ya harufu, lililo ubavuni mwa kifua, huhitaji mwanga mkali, na lenzi haina taa.

Kijitabu kinachoambatana nayo kinaeleza vyema kwamba wadudu hawa wamejaa zaidi katika nchi za joto. Nasikitika, hata hivyo, kwamba hakimtaji Leptoglossus occidentalis, mmoja wa wadudu hawa, mwenyeji wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, aliyegunduliwa Italia mwaka 1999 kisha akaenea sehemu kubwa ya Ulaya.