Singeli mbele ya mama mkwe: uzoefu wangu na ruta yenye mtandao wa wageni

Saa mbili usiku, mama mkwe yuko sebuleni na chai yake, tunatazama taarifa ya habari. Ghafla mtangazaji akatoweka, kioo kikawa cheusi, halafu ikaanza singeli, sauti juu, watu wanakata viuno kama hawana mifupa. Nikanyakua rimoti nikazima. Nikawasha; dakika haijaisha ukaja wimbo mwingine, mchafu kuliko wa kwanza. Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu, akauliza kama hiyo ndiyo chaneli ninayolipia kila mwezi.

Hapakuwa na mdukuzi. Kuna mtu aligusa kile kialama cha kurusha video kwenye televisheni, na televisheni yangu ikamtii kwa sababu simu yake ilikuwa ndani ya Wi-Fi yangu. Usiku uleule nikapakua Fing, programu ya simu inayoorodhesha vifaa vilivyo kwenye mtandao. Nyumbani kwetu tuna vifaa 6. Ilinihesabia 17.

Tunaishi Tabata, wapangaji wanne ndani ya geti moja, ukuta kwa ukuta. Kabla ya kutoa hela nilijaribu dawa zote za bure ambazo watu hupendekeza. Nilianza na kuficha jina la mtandao. Hakusumbuka mtu: simu zilizokwishaingia zinalijua jina, zikaendelea kula kama kawaida. Nikahamia kwenye kufungia vifaa kimoja kimoja kwa anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho wa kifaa. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao, na mwenye simu akigusa mpangilio mmoja tu anakurudia na namba nyingine. Mimi nilichofanikiwa ni kumfungia mke wangu siku mbili nzima, kwa sababu kwenye orodha sikumtambua. Hilo nalo lilikuwa na gharama yake.

Nikabadili pasiwedi. Nikaweka ndefu, herufi 20, namba na alama ndani yake. Ilidumu siku nne.

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Mwanangu mkubwa hakumtajia mtu pasiwedi. Asingeweza hata kuikumbuka. Alibonyeza kitufe cha kushiriki kwenye simu yake, ukatokea msimbo wa QR, na chini yake pasiwedi yote imeandikwa wazi. Rafiki yake akaskani, naye akaweka picha ya skrini kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa. Pasiwedi ingekuwa na herufi 60 ingefika kulekule. Mimi nilikuwa nakaza kufuli, kumbe ufunguo unagawiwa kutoka ndani.

Na tuseme ukweli: kumkatalia jirani Wi-Fi ni kama kumnyima chumvi. Mama wa chumba cha pili ndiye anayetupokelea mtoto akitoka shule. Nitamwambiaje hapana?

Kilichonipeleka Kariakoo ni hicho, ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) yenye mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pili iliyotengwa na ya wenye nyumba. Nililipa shilingi 95,000. Jina la kampuni silitaji, maana za bei hii zimefanana sana. Wewe hakikisha boksi limeandikwa WPA3, ile kinga mpya ya Wi-Fi, na kwamba kuna mtandao wa wageni. Kile kiboksi cha faiba tulichofungiwa na kampuni ya intaneti hakiondoki: unatoa waya kwenye tundu lake la LAN, la kutolea intaneti, unachomeka kwenye tundu la WAN, la kuipokelea, la ruta mpya. Dakika 20 nilikuwa nimemaliza, na jioni nikawa natamba.

Nilitamba wiki nzima kabla sijagundua kuwa Wi-Fi ya kile kiboksi cha zamani bado inawaka. Wapangaji wote walikuwa hukohuko, raha mustarehe, na wala hawakujua kama nimehama. Nilipoingia kuizima nikakuta mlango wa mipangilio bado unafunguka kwa jina admin na pasiwedi admin, kama fundi alivyouacha miaka miwili nyuma. Maana yake yeyote kati ya wale 11 angeweza kunifungia mimi nje. Kesho yake asubuhi, kijana wa chumba cha nne akagonga.

“Shikamoo anko. Mbona Wi-Fi yenu leo haishiki? Hamjalipia?”

Nikaitikia marahaba, nikampa pasiwedi ya wageni.

Sasa ruta yenyewe. Walio kwenye mtandao wa wageni wanapata intaneti basi. Televisheni, printa na kompyuta zangu hawazioni. Hakikisha tu kile kisanduku cha kuwaruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani hakina alama ya vema. Pasiwedi yao ninaibadili kila tarehe 1, wakagawiane wanavyotaka. Saa nne usiku mtandao wao unazimika wenyewe. Wa ndani una pasiwedi nyingine, na mwanangu ameondolewa humo, anatumia wa wageni kama wenzake. Alinuna siku tatu.

WPA3 ilinisumbua kidogo. Ni kinga iliyotoka 2018, na uzuri wake ni kwamba mtu hawezi kunasa mawimbi yako kisha akakaa kwake akibahatisha pasiwedi usiku kucha. Lakini televisheni yangu na simu ya zamani ya mke wangu ziliigomea, nikaweka ule mchanganyiko wa WPA3 na WPA2, kinga iliyoitangulia.

Lililoniudhi ni WPS, kile kitufe cha kuunganisha haraka. Njia yake ya namba ya siri ina tarakimu 8, ila ruta huihakiki nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho inatokana na zilizotangulia, hivyo badala ya mamilioni ya majaribio yanabaki 11,000. Udhaifu huo ulitangazwa tangu 2011, na bado ruta yangu imetoka kwenye boksi ikiwa imewashwa. Zima mara moja.

Ruta hii nimeikata nyota moja kati ya tano. Programu yake ya simu inadai ufungue akaunti kwa barua pepe, haina Kiswahili, na haiwezi kuwapimia wageni kasi: vijana wakianza kupakua mechi, mimi ndani naganda. Pia shemeji alipokuja alitaka kuturushia video za harusi kwenye televisheni akashindwa, kwa kuwa naye ni mgeni. Ilibidi anitumie WhatsApp nirushe mimi.

Fing sasa inanihesabia 5, maana simu ya mwanangu iko kwa wageni. Mama mkwe anarudi Desemba. Juzi kwenye simu aliuliza kama ile televisheni imepona.